Miezi Aliyokosekana Kwayani

Mimi kukaa chini siwezi. Hata kanisani nachagua benchi la mwisho karibu na mlango, ili mahubiri yakirefuka nitoke kidogo, nijifanye napokea simu, nizunguke kwenye maegesho, nirudi. Dukani kwangu Tandika, ambako nauza dawa ndogondogo za kawaida, za homa na minyoo na mafua, wateja wameshazoea kunikuta nimesimama. Kiti kipo, tena kizuri, lakini anayekikalia ni paka wa jirani. Kwa hiyo mchungaji aliponiita ofisini na kuniambia kwamba kamati imeniona nafaa kuwa mlezi wa vijana, nilicheka. Nikamwambia, "Mchungaji, mlezi si anatakiwa awe mtulivu? Mie hapa tu nakusikiliza nimesimama." Akasema ndiyo maana wakanichagua, vijana nao hawatulii.

Utaratibu wa kanisani kwetu ni huu. Kila mtu mzima anayekubali anakabidhiwa kijana wa sekondari. Anakutana naye kila wiki, anamsikiliza, anamwombea, na kijana akikwama mahali, mlezi anakwenda kusimama naye. Wenzangu walipewa vijana wa motomoto. Mmoja alipewa kijana aliyefukuzwa shule kwa kupigana na mwalimu wa zamu, mwingine akapewa binti aliyetoroka nyumbani akakutwa kwa rafiki yake Mbagala. Mimi nikapewa binti wa kidato cha nne ambaye kila mtu alimsifia kwamba hana shida. "Una bahati," wakaniambia, "huyo hata hatakusumbua." Niliudhika kidogo. Mtu asiye na shida unamlea nini sasa?

Alikuwa anakuja Alhamisi akitoka shule, na sare yake, begi mgongoni. "Shikamoo, anti." Basi, amemaliza. Namnunulia mihogo ya kukaanga kwa mama wa mlango wa pili, anakula taratibu, anafuta pilipili vidoleni, na mie nimeshamaliza wangu zamani, nimeshapanga upya rafu nzima ya dawa za kikohozi. Nikimuuliza shule vipi, nzuri. Nyumbani? Hawajambo. Moyoni je? Anatabasamu. Nilikuwa natamani kumtikisa kama chupa ya dawa, labda kitu kingepanda juu.

Kuhusu kwao nilijua kile ambacho kanisa zima lilikijua. Ni watu wa Njombe. Baba yake ni mzee wa kanisa, karani kwenye ghala huku huku Temeke, mtu mrefu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi vizuri. Mwaka uliotangulia aligongwa na bodaboda akavunjika nyonga. Tulikwenda kumwona hospitali, tukaimba, tukaomba. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani akawa wa kulala tu, hawezi kugeuka. Mke wake wakati huo alikuwa Njombe akimuuguza mama yake mzazi, na hakuweza kumwacha. Tukaambiwa mgonjwa asisumbuliwe, ameletewa kijana wa ukoo kutoka nyumbani wa kumhudumia. Tukaridhika. Miezi hiyohiyo binti akapotea kwenye kwaya ya vijana. Tukadhani ni masomo. Mwaka mpya ulipoanza akarudi, akasimama kwenye safu yake ya sauti ya pili, akaimba kama aliyetoka kunywa maji. Mama yake naye akawa amesharudi, na baba anatembea kwa fimbo.

Sasa niwaeleze habari ya ushuhuda, maana ndiko shari ilikotokea.

Kanisani kwetu Siku ya Vijana bila ushuhuda ni pilau bila nyama. Watu wanavumilia risala, wanavumilia ngonjera, wakingojea kijana asimame aseme alikotolewa. Na mwenyekiti wa vijana, kijana mwenye raba nyeupe zisizoshika vumbi na penzi kubwa na maikrofoni, ana namna yake ya kuwaandaa. Ushuhuda, anawafundisha, una vyumba vitatu: nilikuwa nani, nikakutana na nani, sasa mimi ni nani. Chumba cha kwanza kikiwa na giza zito, cha tatu kinang'aa. Yeye mwenyewe ushuhuda wake ni wa bangi na ukonda wa daladala, anautoa kila mwaka, na kila mwaka bangi inaongezeka. Mtoto akija na ushuhuda kwamba alikuwa anasali nyumbani na bado anasali, mwenyekiti anamtazama kwa huruma. "Sasa wewe Yesu alikutoa wapi? Sebuleni?"

Wanacheka wote. Na huyo mtoto anarudi kukaa.

Mazoezi hayo walezi hatuendi. Kwa hiyo sikujua binti wangu amepangwa kusimama mpaka siku yenyewe nilipomwona anatoka kwenye safu, amevaa sare ya kitenge, anapokea maikrofoni kwa mikono miwili.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

Akasema ile miezi ambayo hatukumwona kwaya, alikuwa duniani. Alikuwa anatoroka kwa dirisha la nyuma baba yake akiwa amelala na dawa. Alikuwa anakwenda kwenye vigodoro Mbagala, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, na kijana wa bodaboda aliyekuwa anamnywesha pombe. Alizama, akasema, katika ulevi na anasa. Alikuwa anamdanganya baba yake mgonjwa, kitandani. Halafu siku moja akasikia sauti inamwita kwa jina, akarudi.

Jamani, kanisa lililipuka. Vigelegele, makofi, kinanda kikadakia, akina mama wakasimama wakipunga leso. Mwenyekiti alikuwa anarukaruka pale pembeni kama kocha aliyepata goli. Mie nilibaki mlangoni mdomo wazi. Ulevi na anasa? Mtoto anayekula muhogo kama anauombea msamaha, eti kigodoro! Na alivyosema, alisema kwa sauti moja toka mwanzo mpaka mwisho, kama anasoma tangazo la ndoa. Nikamtafuta baba yake kwa macho. Alikuwa kwenye benchi la wazee, mbele, anatazama fimbo yake. Hakupiga makofi. Hakupandisha wala kushusha kichwa.

Nilitoka nje nikazunguka maegesho, nikazunguka tena.

Kabla hata hatujala chakula cha mchana, video ilikuwa kwenye kundi la wasapu la usharika. Kutoka hapo ikaenda kwenye kundi la wana-Njombe waishio Dar, na kutoka huko, nani atazuia? Shangazi wa binti aliiona akiwa Njombe, shambani, anachimba viazi. Jumanne binti akaja dukani. Si siku yake. Akasimama upande wa wateja, hakuingia ndani kama kawaida.

"Shikamoo anti. Nimekuja kuaga."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Njombe, kwa shangazi. Baba kasema. Jumapili nitaombewa safari, Jumatatu asubuhi nasafiri."

"Kwa muda gani?"

"Nikatulie."

Nikamvuta ndani kwa begi lake, nikarudisha mlango. Huyu mtoto ni kidato cha nne. Ameshasajiliwa kufanya mtihani wa taifa kwenye shule yake, na mtihani huo hauhami na mtu kwenye basi. Akiondoka sasa, amepoteza mwaka, na watoto wanaopelekwa kwa shangazi kutulia, wangapi uliwaona wanarudi shule? Wanatulia kweli. Wanatulia na mtoto mgongoni. Nikamwambia yote hayo, kwa sauti kubwa, paka akashuka kwenye kiti akaondoka.

"Na yale uliyosema Jumapili," nikamuuliza, "ni kweli?"

Akatikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

"Kigodoro sijawahi kukiona, anti. Nilikuwaga nasikia tu muziki."

"Sasa kwa nini, mtoto wewe? Kwa nini?"

Akasema wenzake wa kwaya walikuwa hawaishi kumuuliza mwaka jana alipotelea wapi. Akawa anajibu nilikuwa nyumbani. Hawaamini. Kwenye mazoezi mwenyekiti akamwambia, huko unakokuficha ndiko kwenye ushuhuda wako, utoe, Mungu apate utukufu. Akambana, na wenzake wakambana. Mwishowe akawapa walichokuwa wanakitaka. Dirisha la nyuma lilitoka kwenye tamthilia, bodaboda alimtoa kichwani, na ulevi na anasa aliongezewa na mwenyekiti.

"Ungesema ukweli tu kwamba ulikuwa nyumbani!"

"Nyumbani nafanya nini?" akauliza. "Wangeuliza hivyo."

Na hapo, sijui kwa nini hapo, nikakumbuka kitu. Mwaka ule, kabla sijapewa kumlea, huyu binti alikuwa mteja wangu. Alikuwa anakuja jioni na sare ya shule, ananunua glovu, spiriti, poda ya vidonda vya mgongo, na pampasi za watu wazima. Nilipomuuliza za nani, alisema za bibi. Nikamfungia kwenye mfuko mweusi, nikamwambia bibi apone. Wateja ni wengi, hukai ukawafikiria.

"Bibi yako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Njombe."

"Ndiye mama yako alikuwa amekwenda kumuuguza?"

"Ndiyo."

"Sasa zile pampasi mwaka jana zilikuwa za bibi yupi?"

Akaanza kulia. Si kilio cha sauti, machozi tu yanashuka na yeye anayafuta kwa nyuma ya kiganja, kama anafuta pilipili.

Alinisimulia kwa vipande. Yule kijana wa ukoo alikuja kweli. Alipoiona kazi yenyewe, siku chache tu akapata kibarua cha kufyatua tofali Chamazi, akaaga anakwenda dukani, hakurudi. Baba hakutaka mtu ajue. Hakutaka jirani, hakutaka wazee wa kanisa, hakutaka hata mama apigiwe simu, maana angemwacha mama yake anayekufa ili aje. Mwanzoni alikataa kabisa kuguswa na binti yake. Akalala hivyohivyo kwenye uchafu wake. Siku moja binti akirudi shule alikuta analia, mtu mzima yule, na mgongo umeanza kuoza. Akachemsha maji, akaweka beseni, akasimama pale mlangoni hajui la kufanya. Baba akamwambia, "Nipe taulo, mama." Anamwita mama kwa sababu ana jina la mama yake mzazi. Akachukua taulo akajifunika uso. "Haya," akasema.

Ikawa ndivyo hivyo miezi yote. Akirudi shule, maji, beseni, taulo usoni. Hawasemeshani mpaka baba avae. Akishavaa anasema, "Asante, mama." Saa za mazoezi ya kwaya ndizo zilikuwa saa za beseni. Na baba akamwapisha: hili lisitoke kwenye nyumba hii.

"Kwa hiyo baba anajua kwamba hukwenda popote," nikasema.

"Anajua."

"Na anakupeleka Njombe."

Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia sitasema yaliyo ya baba yake, lakini kunyamaza kabisa asinitegemee, maana sina kipaji hicho.

Nilianza na mwenyekiti wa vijana. Nilimkuta kanisani anakunja waya za spika. Nikamwambia, braza, binti alisema uongo pale mbele, na wewe ndiye uliyemkamulia, kwa hiyo usimame useme. Akanitazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mama mlezi, hii ndiyo vita yenyewe. Mtu akishatoa ushuhuda, adui anakuja kumwambia haikutokea."

"Haikutokea! Nakwambia haikutokea!"

"Unaona? Tayari kaanza na wewe."

Weee! Nilitamani nimfunge na ule waya. Nikaenda kwa mchungaji. Mchungaji ni mtu mzuri, alinisikiliza hadi mwisho, lakini nilikuwa nimefungwa mdomo sehemu muhimu kuliko zote. Akaniuliza binti alikuwa wapi basi miezi ile, nikasema nyumbani. Akafanya nini? Nikasema kusaidia. Akatikisa kichwa kwa upole. Akasema wazazi wakiamua jambo la mtoto wao kanisa haliwezi kuingia kati bila sababu, na kwamba kanisa lilishamsamehe binti, asiwe na hofu. Limemsamehe! Nilitoka pale sijui kama natembea au nakimbia.

Ijumaa jioni nikaenda kwa baba mwenyewe. Nilijipanga njia nzima maneno ya adabu. Mama yake binti akanifungulia, akanikaribisha, akaleta chai ya maziwa, akatoweka jikoni na hakutoka tena. Baba alikuwa sebuleni, fimbo magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama mlezi. Kaa."

Nikakaa. Kochi lao limezama katikati, ukishakaa umekaa.

Nikamwambia, mzee, mimi binti yako sikuja kumtetea kwa maneno yake, nimekuja kwa yangu. Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa namuuzia vile vifaa. Sikuuliza na siulizi. Lakini mtu mwenye kazi ile, na shule, hana usiku wa kwenda kigodoro. Wewe unajua hivyo kuliko mimi.

Jikoni maji yalikuwa yanafunguliwa na kufungwa.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu."

Adabu yangu yote niliyoipanga njiani ikaishia hapo. Nikamuuliza, kwa hiyo mtoto apoteze mtihani, apoteze na jina lake, ili watu wasijue kwamba ulikuwa mgonjwa? Kuumwa ni dhambi?

"Wewe umekulia mjini," akasema, bila hasira. "Kwetu binti hamwoni baba yake vile. Haijapata kusemwa. Kesho kutwa ataposwa, watu waseme yule ndiye aliyekuwa anamwogesha baba yake?"

"Si afadhali? Sasa hivi watasema yule ndiye wa vigodoro!"

"Hilo linasamehewa," akasema. "Umeona mwenyewe walivyopiga makofi."

Kweli walipiga makofi. Alikuwa anasema ukweli kuhusu sisi, watu wa vigelegele na leso, na mie nikiwamo. Nikamuuliza, sasa kama limesamehewa, kwa nini umfukuze?

Hapo ndipo aligeuka akanitazama. "Simfukuzi. Siwezi kumwangalia. Akiniwekea chakula mezani naiona ile mikono. Anaimba kanisani, naisikia ile sauti inayosema, baba, geuka kidogo. Nilikuwa najikaza. Aliposema yale Jumapili, nikaona basi, Mungu kanipa sababu."

Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayesoma mzani. Nilimchukia na nikamwonea huruma kwa wakati mmoja. Ni hali mbaya, hujui uweke mikono wapi. Nikainuka kwa shida kutoka lile kochi, nikamwambia, "Yeye ndiye aliyeona, mzee, na hajakukimbia." Chai yao sikuigusa.

Jumamosi sikufanya lolote la maana. Nilifungua duka, nikafunga, nikafungua. Mteja alikuja kutaka dawa ya kuhara nikamjibu kama aliyenitukana. Nilimwandikia binti ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine. Nilifikiria kusimama Jumapili mwenyewe nikaseme yote, liwalo na liwe. Halafu namwona yule mzee na taulo usoni, najua siwezi. Nikapiga deki duka safi. Nikapiga tena.

Jumapili nilikaa benchi langu la mlangoni. Kanisani kwetu, baada ya matangazo, wanaosafiri huitwa mbele waombewe. Mchungaji akamwita binti pamoja na mzazi wake. Wakapanda madhabahuni. Ngazi zile hazina pa kushika. Baba alipanda na fimbo yake, ngazi moja moja, kila mtu akitazama dari ili asimtie aibu. Binti alibaki nyuma yake mbali kidogo, mikono imefungwa mbele, umbali wa heshima. Begi lake nilijua limeshafungwa, lipo nyumbani nyuma ya mlango.

Mchungaji akampa maikrofoni aseme neno la kuaga.

"Bwana Yesu asifiwe. Naomba mniombee nikasome vizuri. Na baba yangu mumwombee mguu."

Basi. Akawa anairudisha. Mwenyekiti kule kwenye spika akapaza sauti, "Sema tena, binti, sema alikokutoa!" Watu wakaanza kuamka. Mama mmoja akatoa kigelegele cha kujaribia. Binti akainamisha kichwa, akaisogeza maikrofoni tena mdomoni, na niliona anavuta pumzi ili aseme uongo ule kwa mara ya pili.

Baba yake akanyoosha mkono akaichukua.

Hakuwa mtu wa kusema. Alikaa nayo kwanza, tukasikia anavyohema.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi ushuhuda sijui kutoa. Yale aliyosema huyu Jumapili iliyopita, hakuyafanya. Hakwenda popote." Kinanda kilikuwa kimeanza kumsindikiza, kikakata. "Mwaka jana nilipolala, mliambiwa kuna kijana. Yule alikwenda zake. Aliyekuwa ananiogesha ni huyu. Na kunibadilisha. Kila siku, akitoka shule. Mimi nilijifunika uso. Yeye hakuwa na cha kujifunikia."

Kanisa zima hakusikika hata mtoto. Mchungaji alikuwa ameshainua mkono kwa ajili ya maombi, akabaki nao hewani.

"Safari haipo, mchungaji," akasema baba. "Ana mtihani."

Akarudisha maikrofoni. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyesema amina, sidhani kama kuna mtu aliyejua inasemwa wapi hapo. Mwenyekiti alikuwa ameshika waya, anauangalia. Akina mama wa leso walikuwa wamezishika leso mapajani. Nilitaka kutoka nje, nikajikuta bado nimekaa.

Baba akageuka kushuka. Kupanda kulimchukua muda, lakini kushuka na nyonga ile ndiyo kazi. Aliweka fimbo ngazi ya chini, ikateleza, akairudisha. Akajaribu tena. Mzee mmoja wa kanisa akainuka kwenye benchi ili amsaidie, yeye akamzuia kwa kiganja. Akasimama pale juu, mrefu, shati limenyooka, watu wote tunamtazama, hana pa kwenda.

"Mama," akasema, na kwa kuwa kulikuwa kimya sote tulisikia, "nishike."

Binti akaja. Hakuuliza ashike wapi. Aliingiza bega lake chini ya kwapa la baba, mkono mmoja ukaenda moja kwa moja nyuma ukakamata mkanda wa suruali, mwingine ukapokea fimbo. Akasema kitu kidogo, nadhani ni "haya." Akamtanguliza mguu mbovu, akangoja, akauleta mzima. Ngazi nyingine, hivyohivyo, bila kutazama chini. Sisi tulikuwa tunawatazama wote wawili, na baba hakujifunika uso.